Kitanzi cha Mrejesho Kinapogoma: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Gaini

Katika maabara ya somo la utangulizi la udhibiti kwa mrejesho, mkono wa mwanafunzi hukimbilia Kp, yaani gaini (kizidishi) inayogeuza kosa, tofauti kati ya lengo na kipimo, kuwa amri. Pato likiyumba, Kp inashushwa. Likizembea, inapandishwa. Lisipofika kwenye lengo, Ki, gaini ya jumla ya kosa, inaongezwa mpaka liyumbe tena, na kipindi kinakwisha bila mtu kujua hitilafu ilikuwa wapi.

Gaini iwe ya mwisho kuguswa. Kitanzi kikishafungwa, yaani kipimo cha pato kikirudishwa kwa kidhibiti, hitilafu ya sehemu moja huonekana kwenye sehemu zote. Kihisi kinachodanganya kinamfanya kidhibiti atoe amri za ajabu. Amri za ajabu zinaifanya mota ionekane mbovu. Mota inasogea vibaya na kihisi kinazidi kulaumiwa. Ukitazama pato peke yake huwezi kujua nani alianza. Kwa hiyo karibu kila utatuzi hapa chini una hatua moja inayojirudia: fungua kitanzi, pima kila sehemu peke yake, kisha funga tena.

Jambo la kufanya hata kabla ya hapo ni kurekodi mawimbi manne kwenye mhimili mmoja wa muda: lengo, kipimo cha kihisi, amri ya kidhibiti kabla ya kikomo (amri kubwa kuliko zote ambayo mota au hita inaweza kuitekeleza), na amri ileile baada ya kukatwa na kikomo. Wengi hurekodi mawili ya kwanza tu. Yale mawili ya mwisho ndiyo yanayosema ukweli.

Pato linakimbilia kikomo na kubaki huko

Unawasha, mota inazunguka kwa kasi yote upande mmoja, hairudi. Ukibadilisha lengo, inakimbia vilevile, pengine upande wa pili. Hakuna kuyumba hata kidogo.

Kukimbia bila kuyumba karibu kila mara ni alama iliyogeuzwa: mrejesho umekuwa chanya. Nyaya za mota zimebadilishana, au waya A na B za enkoda (kihisi cha mzunguko wa shafti) zimebadilishana, au umeandika kipimo kutoa lengo badala ya lengo kutoa kipimo. Ukigeuza viwili kati ya hivi, vinafutana na mfumo unafanya kazi, jambo linaloficha kosa mpaka mtu mwingine aje arekebishe kimoja.

Usigeuze alama kwa kubahatisha. Fungua kitanzi, toa volti ndogo chanya moja kwa moja kwa mota, na uangalie kama kipimo kinaongezeka. Kikipungua, rekebisha nyaya mpaka volti chanya ilete kipimo kinachopanda. Kisha funga kitanzi kwa Kp ndogo sana, sogeza shafti kwa mkono mbali na lengo, uhisi mota inakurudisha au inakusukuma uende mbali zaidi.

Kama alama ziko sawa na bado linakimbia, angalia kama kihisi kinapima kweli. Waya wa mrejesho ukikatika, kidhibiti kinaona kosa lisilopungua na kinafanya kazi yake kwa uaminifu: kinaongeza amri hadi mwisho.

Pato linatulia, lakini si kwenye lengo

Hapa tofautisha hali mbili, kwa sababu dawa zake si moja.

Hali ya kwanza ni ile ya kitabuni. Mtambo (kitu kinachodhibitiwa) wa daraja la kwanza wenye gaini 2, ukiudhibiti kwa P tu, sehemu inayozidisha kosa la sasa, na Kp = 4, utabaki na kosa la 1/(1 + 8), yaani kama asilimia 11 ya lengo. Si hitilafu. Kidhibiti cha P hutoa amri pale tu penye kosa, na mtambo huo unahitaji amri ya kudumu ili kubaki juu. Kosa likiisha, amri inaisha, pato linashuka. Dawa ni sehemu ya I, inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita, au kuongeza amri ya msingi iliyokokotolewa kutoka kwenye lengo lenyewe.

Hali ya pili huwachanganya hata wanafunzi waliofaulu mtihani. Unadhibiti pembe ya mota. Fankisheni ya uhamisho (uhusiano wa ingizo na pato) kutoka volti hadi pembe tayari ina kijumlishi ndani yake, yaani 1/s, na kwa hesabu kosa la ingizo la ngazi (lengo linaloruka ghafla na kubaki hapo) linapaswa kuwa sifuri kwa P peke yake. Lakini shafti inasimama nyuzi mbili au tatu kabla ya lengo na haisogei.

Hesabu ni sahihi, ila haina msuguano. Tuseme mota inahitaji volti 1.2 ili ianze kusogea kutoka kwenye utulivu, na Kp yako ni volti 0.4 kwa kila nyuzi. Kosa likiwa chini ya nyuzi 3, amri iko chini ya volti 1.2, na shafti iliyosimama itaendelea kusimama. Kijumlishi kilicho ndani ya mtambo hakisaidii, kwa kuwa msuguano unaingia kabla yake. Mzigo unaoning'inia kwenye shafti hufanya vivyo hivyo. Kijumlishi kinachofuta athari ya mzigo ni kile kilichoko ndani ya kidhibiti, upande wa juu wa pale mzigo unapoingia.

Jaribio la kutenganisha hali hizi ni rahisi. Lifikie lengo ukitokea juu yake, kisha ukitokea chini yake. Kosa la kitabuni huwa na ukubwa unaotabirika kutokana na lengo. Kosa la msuguano hubadilisha alama kulingana na upande uliotokea, na linabadilika kidogo kila unaporudia. Kosa la mzigo linabaki upande uleule hata ukija kutoka upande gani.

Kama kipimo kinaonyesha kosa sifuri lakini macho yako yanaona shafti haiko mahali pake, acha kidhibiti. Kihisi kina sifuri iliyohama au kipimo kisicho sahihi. Hakuna mrejesho unaoweza kurekebisha kosa ambalo kihisi hakilioni. Hapo ndipo usahihi wa mfumo mzima unapoishia.

Pato linayumba na halitulii

Hii ndiyo dalili tajiri kuliko zote. Kuyumba kuna angalau vyanzo vinne vinavyofanana machoni, na kushusha Kp kunaponya kimoja tu kwa uhakika.

Anza na majaribio matatu. La kwanza: ondoa kidhibiti, mpe mtambo amri isiyobadilika. Kuyumba kukiendelea, kunatoka nje: gia yenye jino bovu, usambazaji wa umeme unaopandashuka, kitanzi kingine jirani. La pili: shusha gaini kwa robo, uone ukubwa wa mawimbi na kasi yake vinafanyaje. La tatu: angalia umbo la wimbi, la kipimo na la amri, kwa ukaribu.

Wimbi likiwa laini kama sine, na likafa polepole unaposhusha gaini, uko karibu na mpaka wa uthabiti. James Clerk Maxwell aliandika juu ya suala hili mwaka 1868 alipochunguza vidhibiti mwendo vya mashine, na akaonyesha kuwa mizizi ya mlinganyo wa mfumo lazima iwe na sehemu halisi hasi. Mwanafunzi wa leo anatumia jedwali la Routh, linalopima uthabiti bila kutafuta mizizi yenyewe, kwa kazi hiyohiyo. Chukua mtambo 1/(s(s+1)(s+2)) wenye kidhibiti K. Mlinganyo ni s³ + 3s² + 2s + K = 0, na sharti la uthabiti ni 3 × 2 > K, yaani K chini ya 6. Kwenye K = 6 mfumo unayumba kwa √2, kama radiani 1.41 kwa sekunde, yaani wimbi moja kila sekunde 4.4.

Sasa sema kwenye maabara unatumia K = 2, mbali kabisa na 6, na bado mfumo unayumba bila kukoma. Usikimbilie kusema nadharia imeshindwa. Pima kasi ya kuyumba. Kwa K = 2, mchoro wa Bode (gaini na fezi kwa kila kasi ya wimbi) unaonyesha gaini ya kitanzi inafika 1 kwenye radiani 0.75 kwa sekunde, na akiba ya fezi, yaani kiasi wimbi linachoweza kuchelewa zaidi kabla ya kitanzi kuyumba bila kukoma, ni nyuzi 33 hivi. Geuza akiba hiyo kuwa muda: nyuzi 33 ni radiani 0.57, ugawe kwa 0.75, unapata kama sekunde 0.76. Ucheleweshaji wa muda huo mahali popote kwenye kitanzi unatosha kukiangusha: bomba refu kabla ya kihisi cha joto, kipimo kinachopita kwenye mtandao, kichujio kizito mno. Ukikuta mfumo unayumba karibu na radiani 0.75 badala ya 1.41, tafuta ucheleweshaji. Toa ngazi kwenye mtambo ukiwa umefungua kitanzi na uhesabu muda kati ya amri na mwanzo wa mwitikio. Nionavyo mimi, akiba ya fezi ingefundishwa kama muda tangu wiki ya kwanza, maana kwenye maabara muda ndio unaoweza kuupima kwa saa.

Wimbi likiwa si sine bali lina mabega bapa, hadithi ni nyingine. Pato linakaa tuli upande mmoja wa lengo, linaruka, linakaa tuli upande wa pili. Amri nayo inapanda kwa mstari, inaporomoka, inapanda tena. Huo ni msuguano ukikutana na I. Shafti imesimama, kosa dogo linajumlishwa taratibu, amri inafika volti za kushinda msuguano, shafti inaruka na kupita lengo, na safari inaanza upande wa pili. Kushusha Kp hakuondoi hili. Kushusha Ki kunalifanya liwe la polepole tu. Kinachosaidia ni kusimamisha ujumlishaji kosa likiwa ndani ya eneo dogo unalolikubali, kuongeza volti ya kufidia msuguano upande wa mwendo, au kurekebisha mitambo yenyewe kwa mafuta na mpangilio mzuri wa beringi. Vali iliyokaza huleta ugonjwa huuhuu kwenye viwanda, na hakuna gaini iliyowahi kulainisha vali.

Chanzo cha tatu ni uwazi kwenye gia, nafasi iliyobaki kati ya meno yake. Kuyumba kwake ni kudogo, ukubwa wake unakaribia uwazi wenyewe, na unasikia meno yakigongana. Zima umeme, shika shafti ya mzigo na uitikise kwa mkono.

Cha nne si hitilafu kabisa. Umetumia kanuni za Ziegler na Nichols za mwaka 1942: kwa mtambo ule wa juu, gaini ya mpaka 6 na kipindi cha sekunde 4.44 vinakupa Kp = 3.6, muda wa I sekunde 2.22, muda wa D (sehemu inayofuata kasi ya mabadiliko ya kosa) sekunde 0.56. Pato linapitiliza lengo sana na kuyumba mara kadhaa kabla ya kutulia, na unadhani umekosea hesabu. Hukukosea. Kanuni hizo zilikusudia kila kilele kiwe takriban robo ya kilichotangulia. Zichukue kama mahali pa kuanzia, kisha punguza.

Hatua ndogo ni safi, hatua kubwa inapitiliza vibaya

Mfumo wa mstari hauna tabia hii. Ukiongeza lengo maradufu, mwitikio wake unakuwa mkubwa maradufu na umbo linabaki lilelile, pamoja na asilimia ya kupitiliza. Kwa hiyo jaribu ngazi ya nyuzi 10, kisha ya 20, kisha 60. Gawa kila mchoro kwa ukubwa wa ngazi yake na uipange mmoja juu ya mwingine. Ikiachana, kuna kitu kimefika kikomo, na mashaka ya kwanza yaende kwa jumla ya I.

Chukua hita inayokubali amri kati ya 0 na asilimia 100, Kp ya asilimia 5 kwa kila nyuzi, na Ki ya asilimia 0.1 kwa nyuzi kwa kila sekunde. Lengo linaruka nyuzi 60. P peke yake inadai asilimia 300, hita inatoa 100. Wakati huohuo I inajumlisha: dakika moja ya kosa lililo karibu na nyuzi 60 inaweka 360 kwenye jumla. Joto linafika lengo, linalipita. Hata kosa likiwa hasi kwa nyuzi 5, P inapunguza 25 tu kwenye amri, kwa hiyo jumla inapaswa kushuka hadi 125 kabla hita haijaanza kupunguza. Inashuka kwa 0.5 kila sekunde. Kosa lingebaki nyuzi 5, ingechukua sekunde 470, karibu dakika nane za hita kuwaka kwa nguvu zote juu ya lengo.

Ndiyo maana niliomba mawimbi mawili ya amri. Kwenye mchoro utaona amri ya kabla ya kikomo ikiwa mbali angani na ile ya baada ya kikomo ikiwa imelala kwenye 100. Dawa: simamisha I kila amri inapokatwa na kosa lina alama ya kuzidi kuisukuma nje, au rudisha tofauti kati ya amri mbili hizo kwenye kijumlishi ili kiiteremshe. Kupunguza Ki kutaonekana kumesaidia, ila utakuwa umeufanya mfumo uwe mvivu kwenye hatua ndogo ambako haukuwa na shida.

Mota inanguruma au amri inaruka-ruka

Karibu kila mara ni D. Enkoda yenye alama 360 kwa mzunguko inaona nyuzi moja kwa wakati. Ukipima kila milisekunde, badiliko la alama moja linasomeka kama kasi ya nyuzi 1000 kwa sekunde. Mota inayozunguka taratibu kwa nyuzi 300 kwa sekunde itaonekana kwa kidhibiti kama 0, 0, 1000, 0, 0, 1000, na kuendelea. Kd ya volti 0.02 kwa kila nyuzi kwa sekunde inaigeuza kuwa mipigo ya volti 20. Hakuna kelele ya umeme hapo. Ni hesabu tu.

Weka kichujio kwenye D, chenye muda kati ya moja ya nane na moja ya ishirini ya muda wa D. Kikizidi hapo kinaanza kula akiba ya fezi uliyokuwa ukiitafuta. Enkoda yenye alama nyingi zaidi ni bora kuliko kichujio chochote.

Mruko mmoja mkubwa unaotokea tu lengo linapobadilika ni kitu tofauti: D inachukua kasi ya mabadiliko ya kosa, na kosa limeruka kwa ghafla. Ikokotoe kutoka kwenye kipimo, kwa alama hasi, badala ya kosa.

Programu ileile, tabia tofauti

Ulipunguza muda wa kitanzi kutoka milisekunde 10 hadi 1 ukitarajia nafuu, na mfumo ukaanza kuyumba. Fungua programu uangalie kama jumla inaongezwa kosa tupu, au kosa mara muda wa sampuli. Bila kuzidisha kwa muda, umeongeza I mara kumi bila kujua, na kama D haigawanywi kwa muda, umeipunguza mara kumi. Kosa hilihili huleta tabia ya kigeugeu ikiwa kitanzi hakina muda thabiti, mfano pale uchapishaji wa data kwenye skrini unapokichelewesha mara kwa mara.

Kama muda umeshughulikiwa vizuri, kumbuka sampuli zenyewe ni ucheleweshaji. Kushikilia amri kati ya sampuli ni sawa na kuchelewa nusu ya muda wa sampuli, na hesabu inaweza kuongeza hadi sampuli nzima. Kwa sampuli ya milisekunde 20 na gaini inayofika 1 kwenye radiani 10 kwa sekunde, hiyo ni hadi radiani 0.3, nyuzi 17 za akiba ya fezi zilizopotea.

Hesabu kwenye karatasi haziendani na uigaji

Hapa orodha ya washukiwa ni fupi na inajirudia kila muhula.

Herzi imetumiwa mahali pa radiani kwa sekunde, na kila kitu kimehama mara 6.28. Kihisi kinatoa nyuzi na modeli inataka radiani, gaini imezidi mara 57.3. Desibeli zimekokotolewa kwa 10 badala ya 20 mara logi ya uwiano wa ukubwa. Kikokotoo kimetoa pembe kati ya -90 na 90 kwa fezi ambayo imeshapita -180. Jumlisha fezi ya kila poli (mzizi wa sehemu ya chini ya fankisheni) peke yake, usiitafute kwa mkupuo.

Nadharia ya thamani ya mwisho imetumiwa kwenye mfumo usio thabiti. Kwa 1/(s(s−1)) inakupa -1, wakati pato halisi ni eᵗ − 1 na linapaa bila mwisho. Hakikisha uthabiti kwanza.

Umeona namba zote za mlinganyo ni chanya ukahitimisha kuwa mfumo ni thabiti. Hilo linatosha hadi daraja la pili tu. Mlinganyo s³ + s² + 2s + 8 una namba chanya zote, lakini ni (s + 2)(s² − s + 4), wenye mizizi miwili upande wa kulia, yaani yenye sehemu halisi chanya.

Umefuta (s − 1) juu na (s − 1) chini kati ya kidhibiti na mtambo. Kwenye karatasi poli imepotea. Kwenye mtambo bado ipo, na mzigo mdogo kabisa utaiamsha. Usifute kamwe kitu kilichoko upande wa kulia.

Uigaji unaonyesha poli sita wakati mtambo una tatu, na moja ya ziada imekaa kwenye sifuri. Umeandika G/(1+G) kwenye MATLAB kama ugawanyaji wa kawaida, na programu imebeba asili ya G mara mbili bila kufupisha. Tumia amri ya feedback.

Pato linaanza kwa kwenda upande usio wake

Unaomba lipande, linashuka kwanza, kisha linapanda. Alama ziko sawa, umeshazihakiki. Mtambo una sifuri (mzizi wa sehemu ya juu ya fankisheni) upande wa kulia, kama (1 − s)/(s + 1)². Ndege inayodhibitiwa kwa usukani wa mkiani hufanya hivi: ili pua iinuke, mkia unasukumwa chini, na kwa kitambo kidogo ndege inapoteza kimo kabla ya kukipata. Kidhibiti chenye haraka kitaona kosa linaongezeka na kitasukuma zaidi, na kadiri unavyodai mwitikio wa haraka ndivyo mzamo wa mwanzo unavyokuwa mkubwa. Mrejesho hauhamishi sifuri za mtambo. Weka gaini ya kitanzi ifike 1 chini ya nusu ya ukubwa wa sifuri hiyo, hapa chini ya radiani 0.5 kwa sekunde. Ukihitaji kasi zaidi ya hapo, hamisha kihisi au mahali amri inapoingilia, ili uwe na mtambo mwingine.